Siku Roboti Ilipoingia Kooni mwa Mke Wangu

Swali langu la kwanza kwa daktari halikuwa kama mke wangu angepona. Nilimwuliza, "Na stima ikipotea?"

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Daktari, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kutueleza kwamba kansa ilikuwa imeota nyuma kabisa ya ulimi, mahali ambapo mkono wa daktari haufiki vizuri, na kwamba hospitali yao ilikuwa imepata roboti ya kufanyia upasuaji wa aina hiyo kupitia mdomoni. Zamani, alisema, ili kufika pale iliwabidi kupasua mdomo na kulikata taya. Sasa mikono myembamba ya mashine ingeingia kwa mdomo ulioachamishwa, ikate, itoke, bila kuacha kovu usoni. Yeye mwenyewe angekuwa amekaa hatua chache kutoka kitandani, macho yake kwenye kioo cha kompyuta, na kila alichofanya kwa vidole vyake, vile vidole vya chuma vingekifanya huko ndani.

"Stima ikipotea, mashine ina betri yake," akanijibu.

"Na betri ikikataa?"

"Ninaitoa mikono yake, naendelea kwa mikono yangu."

"Na mkono mmoja ukikwama huko ndani?"

"Baba watoto," mke wangu akasema, na sauti yake wakati huo ilikuwa tayari nzito, kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. "Mwache daktari apumue."

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Nyumba yetu iko Nyeri, lakini kazi yangu iko Wang'uru, na msimu wa mavuno nalala hukohuko wiki baada ya wiki, kwa sababu mashine ikisimama lori zima la mpunga husimama nyuma yake, na mwenye mpunga husimama nyuma ya lori akinitazama. Miaka yote hiyo imenifundisha jambo moja. Mashine haiharibiki ikiwa imepumzika. Huharibika ikiwa na mzigo. Nimeshaona mkanda mpya ukikatika siku ileile niliyoufunga, na nimeshaona mota iliyosifiwa na kila mtu ikitoa moshi mbele ya mwenyewe. Kwa hiyo daktari alipotaja roboti, wengine wangeona maajabu ya kisasa. Mimi niliona beringi, nyaya na fyuzi, na katikati ya hivyo vyote, koo la mke wangu.

Yeye aliuliza swali moja tu siku hiyo. Ni fundi pia, wa nguo. Ana kibanda mtaa wa Majengo, hatua chache kutoka msikitini, anashona sare za shule, na sikukuu ikikaribia anashona kanzu za majirani zake Waislamu. Si mtu wa maneno mengi. Akiwa kazini huwa na pini tatu nne kati ya midomo, na wateja wake wamezoea kujibiwa kwa nyusi.

"Ikishakata, inashona?" alimwuliza daktari.

"Sehemu ya shingoni, tutakapopasua kutoa tezi, nitaishona mimi. Lakini kidonda cha nyuma ya ulimi hatukishoni. Kinaachwa kipone chenyewe."

"Kinaachwa wazi?"

"Wazi. Mwili unajua kukifunga."

Aliinama akatazama mikono yake. Njia nzima ya kurudi kutoka Nairobi hakusema kitu, mpaka tulipokuwa tunapanda kuingia Nyeri. "Wazi," alisema, kana kwamba mtu amemletea suruali yenye kitambaa kizuri, isiyopindwa.

*

Ni lazima niseme jinsi tulivyofika kwenye meza ya yule daktari, kwa sababu sehemu hiyo hainisifu.

Ilianza kwa sikio la kushoto kumuuma. Alienda kliniki ya karibu akapewa dawa ya sikio. Baadaye akawa anasema chakula kinamkwaruza, akapewa dawa ya mafindofindo. Kisha Jumapili moja, nikiwa nimekuja nyumbani kubadilisha nguo za grisi na kurudi kazini, aliniambia, "Iko kitu hapa kwa shingo."

Alinishika kidole akakiweka chini ya taya lake. Nilikuta kitu kigumu cha ukubwa wa gololi, hakisogei. Vidole vyangu vimeshika vyuma tangu nikiwa kijana na vinajua mambo ambayo kichwa hakijakubali. Nadhani vilijua hata siku ile. Lakini Wang'uru malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni mafindofindo hayo. Mavuno yakiisha tutaenda kuona daktari."

Mavuno yalichukua wiki saba.

Aliyempeleka hospitali hatimaye hakuwa mimi. Ni dada yake mkubwa, mwanamke mfanyabiashara wa Sagana, mjane, mrefu, asiyeogopa mtu. Alikuja Nyeri kutusalimu, akamwona mdogo wake akimeza chai kwa kugeuza shingo upande kama kuku, na kesho yake asubuhi akampeleka. Majibu yalipotoka alinipigia simu. Nilikuwa juu ya ngazi, mashine zikinguruma, nikalazimika kuziba sikio moja ili nimsikie.

"Shemeji," alisema, "mashine ya mtu ikilia kidogo tu, wewe unasikia ukiwa ng'ambo ya barabara. Huyu amelia miezi mingapi ndani ya nyumba yako?"

Akakata. Tangu siku hiyo, yeye na mimi tulibaki na salamu tu.

*

Asubuhi ya upasuaji tulikuwa watatu kwenye ujia wa hospitali. Mke wangu alikuwa amevaa lile gauni la kijani la kufungwa mgongoni, na fundi ni fundi, kwani alikuwa ameshika pindo lake akilichunguza. "Hii wamepinda vibaya," alisema. Alivua hereni akampa dada yake. Kitambaa chake cha kichwa akanipa mimi. Muuguzi alipokuja na kitanda cha magurudumu, alinishika mkono wa shati.

"Kaa hapa. Nikitoka nikukute."

"Siendi popote," nikasema.

Milango miwili ikafunguka, ikammeza, ikafungika.

Walisema ingechukua muda wa saa nne au tano hivi, roboti kwanza, halafu shingo. Mimi na shemeji tukakaa kwenye benchi, tukiacha katikati yetu nafasi ya mtu mmoja mnene. Yeye alitoa rozari. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Baada ya dakika kumi nilisimama nikasoma tangazo la kuosha mikono. Nikakaa. Nikasimama tena, nikaona mlango wa choo haufungi vizuri, skrubu ya bawaba imelegea. Nikaikaza kwa sarafu. Kiti kimoja kilikuwa kinayumba. Nikakigeuza miguu juu nikakitazama. Shemeji alinitazama mara moja kisha akarudi kwenye rozari yake.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi taa zilipofifia.

Hazikuzimika kabisa. Zilipepesa, zikashuka, zikarudi. Hakuna mtu mwingine pale ujiani aliyeinua hata kichwa. Lakini mimi nilisikia, kutoka nyuma ya jengo, jenereta ikiamka na kushika mzigo. Na chini ya ngurumo yake nikasikia kitu kingine. Tok, tok, tok. Kugonga, kwa mpigo ulio sawa. Ninaujua mlio huo. Ndio mlio wa chuma kinachojiandaa kukuaibisha.

Nilisema, "Nakuja."

Shemeji hakuuliza ninaenda wapi. Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji, na nilikuwa nimeichomeka ukutani karibu na benchi. Niliiacha pale.

Nilifuata sauti. Nilipita jikoni, nikapita mahali pa kufulia shuka, nikatoka kwa mlango ulioandikwa kwamba si wa wageni. Nyumba ya jenereta ilikuwa pembeni, imezungushiwa wavu, lango lake liko wazi nusu. Niliingia. Nilikuwa nimepiga goti, nimeweka kiganja kwenye fremu ya chuma ili nisikie kugonga kunatoka wapi, wakati mtu aliponishika kola kwa nyuma.

"Wewe mzee! Unafanya nini huku?"

Alikuwa askari wa hospitali, kijana mpana mwenye rungu.

"Ninasikiliza jenereta."

"Ati unasikiliza?"

"Iko na shida. Na mke wangu ako ndani anapasuliwa na roboti."

Nilipojisikia nikisema hivyo nilijua mwenyewe inasikika vipi. Askari alinitazama mikono, yenye weusi wa mafuta usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Kisha akatazama tangi la dizeli lililokuwa futi mbili kutoka kwangu.

"Dizeli yetu inapotea kila wiki," akasema. "Leo tumejua inaenda wapi."

Alinipeleka kwenye kibanda chao cha langoni. Nilimweleza, nikamwomba, nikamkaripia, nikamwomba tena. Alisema fundi wa hospitali ndiye atakayeamua, na fundi alikuwa ametoka kufuata kipuri. Kwa hiyo nilikaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, mimi niliyeshindwa kukaa kwenye benchi, na sasa mtu alikuwa amenikalisha kwa nguvu mahali ambapo sikuweza kuona mlango wa chumba cha upasuaji wala kusikia chochote. Mtu akikuzuia kusimama ndipo unapojua miguu yako ina hasira gani. Goti langu lilitetemeka mpaka askari akasema, "Mzee, unatingisha meza."

Muda uliopita sikuupima vizuri, lakini jua lilihama kutoka mlangoni mpaka kwenye buti zangu. Fundi alipofika alikuwa mtu wa rika langu, mpole, na kalamu sikioni. Aliponiuliza nimesikia nini, nikamgongea mezani kwa kidole. Tok, tok, tok.

Alicheka, lakini si kwa kunidharau. "Hiyo si jenereta, mzee. Hiyo ni pampu ya maji, iko nyuma ya ukuta. Imegonga hivyo tangu niajiriwe." Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazi, kwamba chumba cha upasuaji hakikutegemea jenereta peke yake. Kilikuwa na betri zilizojaza chumba kizima huko chini, na zile taa zilipofifia kwetu ujiani, ndani hakuna aliyejua. "Hata balbu moja haikupepesa. Daktari angekuwa anaandika barua asingekosa nukta."

Nilikuwa nimesikia vibaya. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kujivunia kitu kuliko masikio yangu, na siku niliyoyahitaji kuliko zote yalinipeleka kwenye pampu ya maji.

*

Benchi lilikuwa na shemeji peke yake. Rozari alikuwa ameiweka. Aliponiona alisimama.

"Wamemaliza," alisema. "Daktari alitoka hapa, ni kama saa nzima imepita. Roboti ilifanya kazi yake haraka kuliko walivyofikiria. Ametoa yote anayoweza kuona, na tezi za shingo. Damu haikuwa nyingi. Hakukatwa taya. Ako pale wanamwamsha."

Niliegemea ukuta. 

"Daktari aliuliza mume wake ako wapi," shemeji akasema. "Nikasema uko msalani."

"Shemeji..."

"Usinishukuru. Sikusema kwa ajili yako. Nilisema kwa sababu niliona haya."

Mchana walituruhusu kumwona. Uso wake ulikuwa umevimba, mrija mwembamba umeingizwa puani kwa ajili ya chakula, bandeji shingoni kutoka nyuma ya sikio mpaka karibu na kidevu. Alikuwa amekatazwa kusema siku za kwanza, na hata kama angeruhusiwa asingeweza. Muuguzi alikuwa amemwekea daftari la shule na kalamu kifuani. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaandika, polepole, herufi zikiteremka kama mtu anayeshuka mlima:

*Ulikuwa pale?*

Nikasema, "Nilikuwa pale. Sikuondoka hata dakika."

Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Alinitazama juu ya mdogo wake. Kisha akaanza kunyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Mke wangu alifumba macho, na mkono wake ukafunguka juu ya daftari kama mtu aliyepokea alichokuwa akingojea.

Uongo huo uliishi siku moja.

Kesho yake walimwambia atembee kidogo. Nilikuwa nimemshika kiwiko, tunapita ujiani hatua kwa hatua, yeye akisukuma chuma chenye chupa ya maji ya dawa. Yule askari mpana alikuwa anatoka upande wa pili. Uso wake ulichangamka kwa urafiki wote wa dunia.

"Aa, mzee wa jenereta!" alisema. "Leo umetulia? Pole sana kwa jana, tulikuweka pale langoni sana. Huyu ndiye mama mwenye roboti? Pole, mama. Huyu mzee wako jana alikuwa anakulinda kutoka kwa tangi la dizeli!"

Akacheka, akapita. Mke wangu alisimama. Hakunitazama. Alitoa kiwiko chake mkononi mwangu bila nguvu, kama mtu anayetoa uzi kwenye tundu la sindano, akaendelea kutembea peke yake na kile chuma chake.

Nilingoja aandike kitu. Hakuandika.

*

Kuna adha moja ya kunyimwa msamaha na mtu aliyekatazwa kuongea. Hujui ni kimya kipi unachopewa, cha daktari au cha kwake. Tulirudi Nyeri, na kwa wiki nzima daftari lilikuwa na maneno ya kazi tu. *Maji. Dirisha. Mto mwingine. Mwambie jirani asante kwa uji.* Siku alizoruhusiwa kunong'ona alinong'onea watoto kwenye simu, alimnong'onea dada yake, alimnong'onea mama wa mahamri wa kibanda cha jirani aliyeacha biashara yake akaja kumwona. Kwangu daftari liliendelea.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba kidonda kile kilichoachwa wazi kingeweza kutoa damu ghafla hata baada ya siku kumi, na kwamba tukiona damu tusikae kufikiri, twende hospitali. Basi mimi nikawa siwezi kukaa wala kutoka. Kila akikohoa nilikuwa mlangoni. Nilimulika mdomo wake kwa tochi ya simu asubuhi, mchana na jioni, nikitafuta wekundu, nikaona tu giza la mahali pale ambapo mashine ilikuwa imefika na mimi sifiki. Siku ya tano alininyang'anya simu, akachukua daftari akaandika kwa ukurasa mzima: *MIMI SI MASHINE.*

Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Kumeza ndiko kulikokuwa kugumu kuliko vyote. Kuna mtaalamu aliyemfundisha: inamisha kidevu, shika pumzi, meza, kohoa kidogo, meza tena. Kijiko kimoja cha maji mazito kilichukua muda wa mtu kumkamua ng'ombe. Alifanya mazoezi hayo mbele ya kioo cha kupimia nguo, akiwa amenyooka, na jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa bidii hivyo, hata Januari shule zikifunguliwa. Siku walipoutoa ule mrija wa puani nilidhani angeniambia kitu. Alisema "asante" kwa muuguzi. Herufi zinazotoka nyuma ya ulimi zilimtoka zimelowa. Hakuniangalia.

Alinisemesha mwenyewe alasiri moja ya mvua. Alikuwa ametaka kwenda Majengo kufungua kibanda, si kushona, kukiona tu. Nilimfungulia mlango, nikapangusa vumbi, nikaanza kukagua cherehani yake ambayo haikuwa na shida yoyote. Mvua ilipiga mabati, watu walikimbia barabarani na mifuko kichwani.

"Iache hiyo," alisema.

Nikaiacha.

"Unajua nilikasirika kwa nini?"

"Kwa sababu niliondoka."

"Hapana." Aliongea polepole, akimeza kati ya maneno. "Kuondoka najua utaondoka. Siku ya harusi yetu ulitoka kanisani ukaenda kuangalia lori lililokwama. Dada yangu alitaka kukupiga. Mimi nilicheka." Akameza. "Siku ile nilikuwa na nguvu ya swali moja. Kuandika kulinichosha kama kubeba maji. Ningeweza kuuliza kama nitapona. Ningeweza kuuliza kama wametoa yote. Nikakuuliza wewe. Na ukanidanganya."

Badala ya kujitetea, nikamwambia neno lingine, lililokuwa limenikalia kooni tangu mavuno. Nilimwambia kwamba Jumapili ile alipokiweka kidole changu shingoni mwake, vidole vyangu vilijua. Kwamba nilisema ni mafindofindo kwa sababu nilitaka kurudi Wang'uru, na kwa sababu Wang'uru kitu kikiharibika ninajua cha kufanya.

Alichukua kipande cha chaki ya kuchorea nguo akakigeuzageuza.

"Nami nilikuwa nacho kile kitu wiki tano kabla ya kukuonyesha," alisema. "Nilikuwa nafunga kitambaa juu. Shule mbili zilikuwa zinangoja sare." Akaweka chaki chini. "Usibebe makosa yote. Mengine ni yangu, niachie."

Mvua haikukatika. Tulikaa. Nakiri niliinuka mara mbili kuangalia kama maji yanaingia.

*

Majibu ya vipimo yalionyesha kwamba kingo za pale walipokata zilikuwa safi, lakini tezi mbili za shingo zilikuwa zimeshaingiliwa, na ikabidi apigwe miale ya kuua kansa. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko upasuaji. Wiki sita, siku tano kila wiki, amelala kwa binti wa mjomba wake Nairobi, na mimi nikienda na kurudi kwa sababu nikikaa kule niliwachosha na nikikaa Nyeri nilijichosha. Ngozi ya shingo iligeuka nyeusi ikachubuka. Mate yalimkauka. Chakula kilipoteza ladha, chai ikawa kama maji ya kuoshea sufuria, na ubwabwa alioupenda akasema ni kama kutafuna pamba. Nilimletea mchele mpya wa Wang'uru, ule unaonukia mpaka nje ya nyumba. Alinusa, akasema ananusa. Alipoweka mdomoni, akatikisa kichwa.

Sasa ladha imerudi nusu. Chumvi ilirudi kwanza, sukari inasitasita. Usemi wake una ulevi kidogo, na watu wasiomjua humwuliza kama ametoka kwa daktari wa meno. Anashona. Pini anaweka kwenye kimto cha sponji alichofunga kwenye kifundo cha mkono, si midomoni tena, kwa sababu anaogopa kumeza vibaya. Kila baada ya miezi michache tunashuka Nairobi, daktari anaingiza kamera nyembamba puani mpaka nyuma ya ulimi, na sote watatu tunatazama kwenye kioo mahali pale: pekundu, laini, pamefunga. Mke wangu huangalia kwa makini ya kifundi. Mara ya kwanza alimwambia daktari, "Kweli, kimejifunga chenyewe." Daktari anasema vizuri, vizuri sana, rudini tena. Hasemi umepona. Nilimwuliza lini atasema. Akasema baada ya miaka, si miezi, na kwamba mpaka wakati huo itabidi tujifunze kuishi hivyohivyo.

Mimi sijajifunza. Wiki moja kabla ya kila miadi nalala vibaya, nafungua mashine zisizo na kosa, nagombana na wenye mpunga.

Mara ya mwisho, tukirudi, mke wangu alisema tusimame Sagana tumwone dada yake. Shemeji alitupeleka kula kwa mama mmoja anayekaanga samaki karibu na barabara. Tulidhani mke wangu angeagiza mchuzi. Akaagiza samaki mzima.

"Una wazimu," dada yake akamwambia. "Miiba?"

"Nitaitoa."

Aliitoa. Mwiba mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vyake vya ushonaji, akaipanga pembeni mwa sahani. Kisha akachukua kipande kidogo, akainamisha kidevu, akashika pumzi. Kikakwama. Alianza kukohoa, uso ukaiva, na mimi nikawa nimeshasimama, kiti kimeanguka nyuma yangu. Aliinua kiganja. Ngojeni. Akanywa maji. Akainama tena. Shemeji alikuwa amenishika mkono bila kujua, na alikuwa ananifinya.

Akameza.

"Ongezeni limau," alisema, akachukua kipande cha pili.

Sikuweza kutazama cha tatu. Nilimwambia shemeji nakuja, nikatoka nje, nikatembea mpaka darajani, nikasimama juu ya mto nikihesabu malori yanayopita. Baadaye kidogo shemeji alikuja akasimama karibu nami, mikono imekunjwa.

"Amemaliza upande mmoja," akasema. "Sasa anageuza."

"Anakohoa?"

"Kidogo."

"Nirudi?"

Alifikiria. "Ngoja kwanza," alisema. "Mimi pia nimechoka kutazama."

Tukasimama pale wote wawili, lori baada ya lori, mpaka tulipomwona ametokea mlangoni akipangusa mikono na kutuita.